Kelele Zilizoidhinishwa

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti, mbele ya wagonjwa na waliowasindikiza, kwamba kuanzia Jumatatu hospitali itazalisha kelele zake yenyewe. Mkurugenzi alisema hii ni hatua ya kihistoria. Hospitali nyingine, alisema, bado zinategemea kelele za kubahatisha: leo mbwa, kesho mtoto anayedungwa sindano, keshokutwa hakuna kitu. Hospitali yake itakuwa na kelele za kudumu, za uhakika, zenye ofisi na afisa wa kuzisimamia. Watu wakapiga makofi. Makofi yakahesabiwa kuwa majaribio ya awali, na yakafaulu.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Si kwa ukaidi. Alikuwa hajui kama kuna mkutano. Alikuwa chumba cha mwisho cha korido, nyuma ya pazia jeusi, anafanya kazi.

Aliitwa Mama Giza. Jina alipewa na wafagiaji, kwa kuwa ndiye daktari pekee aliyekuwa akifika kazini anazima taa. Kazi yake ilikuwa kusoma picha za ndani ya watu: mapafu, mbavu, viuno, mafuvu. Picha inabandikwa kwenye kisanduku chenye mwanga, naye anakaa mbele yake, kidevu mkononi, anaitazama mpaka ichoke kumficha. Mama yake mzazi alikuwa hivyo hivyo kwa mchele. Kabla ya kuchambua alizima redio na kufukuza watoto uani, akisema anayesikiliza mambo ya watu atakula mawe. Mama Giza alirithi ungo uleule, ila wa kwake ulikuwa na mbavu ndani.

Pembeni yake alikaa mpiga chapa wake, mwanamke mwembamba aliyeitwa Cherehani kwa jinsi mashine yake ilivyolia. Mama Giza anatazama na kusema, Cherehani anaandika. Hajawahi kukosea herufi. Siri ya umahiri wake ni kwamba maneno yaliingia sikioni yakatokea vidoleni bila kupita kichwani. Mama Giza akiomba maji, taarifa ya mgonjwa nayo inaomba maji, mpaka akumbushwe kufuta.

Sasa, kelele zilitokea wapi? Zilianza na jenereta.

Jenereta la hospitali liliwekwa chini ya dirisha la Mama Giza, kwa sababu mahali pengine pote palikuwa na ofisi za wakubwa. Lilipiga kelele kama mtu anayedai haki. Mama Giza akaomba lihamishwe. Na ombi lake lilifika siku njema, kwa maana Mkurugenzi alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka semina. Huko alimsikiliza mtaalamu mgeni akieleza kwamba madaktari wamejaribiwa kusoma picha kwenye kelele za kawaida za kazini, na makosa yao hayakuongezeka kama watu walivyodhani. Kisha yule mtaalamu akasema, "Lakini." Hapo chai ikaingia. Mkurugenzi alikuwa mtu wa pili kufika kwenye chai, na wa kwanza alikuwa anaileta.

Basi alirudi na nusu ya utafiti na mfuko mzuri wa semina. Akamjibu Mama Giza kwamba sayansi imesema, na wahenga walitangulia kusema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Jenereta likabaki palepale.

Halafu likafa.

Wiki hiyo Mama Giza alisoma picha kama mtu anayesoma barua ya mpenzi. Aliona ufa kwenye mfupa wa mchezaji mpira ambaye wenzake walisema anajidekeza. Aliona tumboni mwa mtoto kitufe kilichotafutwa nyumba nzima. Na siku moja katikati ya raha hiyo Mkurugenzi akafungua pazia, akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza panya. Uso ukambadilika.

"Mbona kimya?"

Mama Giza akamweleza kwamba jenereta limekufa, na kwamba mambo yanakwenda vizuri sana.

"Madaktari wa ule utafiti walisoma ndani ya kelele, wakaonekana salama," alisema Mkurugenzi. "Wewe hapa unasomea ndani ya nini?"

"Ndani ya kimya, mkuu."

"Kimeidhinishwa?"

"Nani, kimya?"

"Nakuuliza kama kimepimwa."

Mama Giza akasema yeye alidhani watafiti nao walilinganisha kelele na kimya, la sivyo wangejuaje. Mkurugenzi akafikiri kidogo. Akasema hilo linawezekana, ila kama lilisemwa lilisemwa baada ya chai, na serikali haiwezi kuendeshwa kwa mambo ya baada ya chai. Kisha akamkumbusha wahenga walivyoonya: kimya kingi kina mshindo mkuu. Je, mshindo huo ukitokea katikati ya pafu la mwananchi, nani atawajibika?

Ndivyo kilivyozaliwa Kitengo cha Kelele.

Afisa Kelele Mkuu alipatikana upesi, kwa kuwa alikuwa sebuleni. Alikuwa kaka wa mke wa Mkurugenzi, na hospitali nzima, kuanzia mlinzi mpaka bwana dawa, walimwita Shemeji, ingawa dada yake alikuwa ameolewa na mmoja tu. Sifa zake hazikuwa na shaka. Aliwahi kuuza magodoro stendi kwa kipaza sauti mpaka abiria wakapanda mabasi yasiyo yao ili wamkimbie. Baadaye aliiuzia hospitali yenyewe magodoro, tena mazuri, manene, ya kitajiri, ila yaliyozidi vitanda upana wa dhiraa nzima. Wagonjwa waliyalalia usiku wa kwanza, wakaamkia sakafuni. Magodoro yakapelekwa stoo, yakapangwa mpaka darini, kusubiri vitanda vikue.

Shemeji alikipanga kitengo chake kwa bidii ya mtu asiye na kazi nyingine. Kuna mtu wa mlango, aliyeufunga kwa kishindo, akaufungua, akaufunga. Kuna mtu wa kiti, wa kukiburuta. Kuna bati la kuezekea na kipande cha nondo, ambavyo Shemeji alivishika mwenyewe kwa sababu vilihitaji uongozi. Na kwa upande wa mazungumzo, ambayo Mkurugenzi alisema ndiyo roho ya kelele za kazini, waliajiriwa mama wawili kutoka foleni ya wagonjwa wa nje: mmoja akaitwa Redio, kwa kuwa alisimulia, na mwenzake Betri, kwa kuwa aliitikia "enhee" na bila hiyo enhee Redio hawezi kwenda.

Wote wakawekwa nyuma ya pazia jeusi, hatua chache kutoka kwenye ungo wa Mama Giza.

Mama Giza hakuwa mtu wa vita. Alijaribu. Na katika kujaribu akagundua jambo ambalo pengine yule mtaalamu alilisema baada ya lakini. Mlango anauweza. Kiti anakiweza. Hata bati, baada ya siku mbili, alilizoea, kwa maana bati halina habari, likishalia limemaliza. Aliyemshinda ni Redio. Redio alikuwa anasimulia harusi. Bwana harusi aliingia chumbani kuvaa viatu, hakutoka. Watu wanasubiri, wali unapoa, mama mkwe ameanza kuulizia ile meza aliyoazimisha.

"Enhee," anasema Betri.

Na sikio la Mama Giza, sikio la mtu mzima mwenye shahada, linasimama kama la sungura.

Mambo yakaanza kuingia kwenye taarifa. Cherehani aliandika anachosikia, na alisikia vyote. Mgonjwa wa kwanza alipelekwa wodini na karatasi iliyosema: moyo una ukubwa wa kawaida, mbavu zote zipo, bwana harusi hajaonekana tangu asubuhi.

Wodini kulikuwa na daktari mmoja mwaminifu kupita kiasi, aliyeitwa Neno-kwa-Neno. Akiandikiwa mgonjwa anywe maji, anasimama hapo mpaka ayanywe. Aliisoma karatasi, akaenda kumuuliza Mkurugenzi afanyeje kuhusu bwana harusi. Mkurugenzi aliona mtego. Akikubali kwamba karatasi ina kosa, kelele zina kosa. Basi akatoa mwongozo: taarifa ya picha itekelezwe kama ilivyo, neno kwa neno, bila maswali, na anayehoji anahoji sayansi.

Neno-kwa-Neno alitoka pale na furaha ya mtu aliyepewa rasmi alichokuwa akikifanya kwa mapenzi. Walinzi wakatafuta bwana harusi chini ya vitanda vyote. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga alihojiwa alikuwa wapi asubuhi. Taarifa ya pili ilisema tumbo halina tatizo, meza irudishwe. Ikachukuliwa meza ya wauguzi, akapewa mgonjwa wa tumbo, akaenda nayo nyumbani akishukuru. Alisema hospitali hii imebadilika sana, zamani ulikuwa unapewa panadol.

Watu walicheka, na Mama Giza naye alicheka, mpaka siku ya mwashi.

Mwashi alikuwa bwana wa makamo, mwembamba, mwenye chokaa kwenye nyusi. Alikuja na kikohozi na aibu ya kukohoa mbele za watu. Picha ya mapafu yake ilipopanda kwenye kisanduku, Redio alikuwa amefika penyewe: mama wa bibi harusi ameshika kitasa. Betri hata enhee imemkwama. Jicho la Mama Giza lilikuwa juu ya picha, lakini kama mlinzi anayelala amesimama. Mlango wa kule harusini ukafunguka, chumbani kuna dirisha wazi na kiatu kimoja, na mdomo wa Mama Giza ukasema, "Mapafu safi."

Mwashi akarudi zake kwenye ukuta.

Jioni Mama Giza akiosha vyombo, sahani ikiwa mkononi, ile picha ikamrudia bila kuitwa. Chini ya mtulinga wa kulia, mfupa wa juu ya kifua. Kuna kitu. Kidogo, kama haragwe lililoangukia kwenye mchele. Mumewe akamuuliza mbona maji yanamwagika. Akamwambia, "Nimekula jiwe, tena la mtu mwingine."

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye picha, lakini Shemeji alikuwa amewahi, nondo juu. Akaificha picha ndani ya koti, akabeba kisanduku kidogo cha mwanga, akazunguka hospitali anatafuta mahali pasipolia. Jikoni kunalia. Chooni kunalia. Akaingia stoo ya magodoro, akavuta mlango.

Hakuna aliyejua kwamba Shemeji, bila kukusudia, alikuwa ameijengea hospitali chumba kizuri kuliko vyote. Magodoro chini, juu, kushoto, kulia. Sauti ikiingia humo inazama kama jiwe kwenye uji. Mama Giza alisikia kope zake zikigongana. Akawasha kisanduku. Haragwe lilikuwapo, limekaa palepale, wala halijifichi.

Mwashi akaitwa, akaja na chokaa yake.

"Daktari, si jana nilikuwa safi?"

"Jana nilikuwa nasikiliza harusi."

"Ya nani?"

"Hata siwajui. Nisamehe, baba. Tutakupima makohozi, na dawa unaanza."

Mwashi akafikiri. "Na bwana harusi alipatikana?"

"Alitorokea dirishani."

"Nilijua," alisema mwashi, akakunja mkono wa shati.

Kidudu cha kifua kikuu kiliwahiwa mapema, ila Mama Giza aliambiwa na moyo wake kitu kimoja, naye hakukisahau: huyu mtu atarudi kwa picha ya pili, na picha hiyo ndiyo itakayosema kama dawa inafanya kazi au ibadilishwe. Kati ya haragwe na haragwe dogo kidogo hakuna nafasi ya mtu kusikiliza mambo.

Tangu siku hiyo picha zote zilisomewa magodoroni. Cherehani alihamia na mashine yake, akaiweka juu ya godoro, akakaa juu ya jingine, akasema kwa mara ya kwanza mgongo haumuumi. Kule nyuma ya pazia jeusi kitengo kiliendelea kupiga kelele kwa moyo wote, kwenye chumba kisicho na mtu. Makosa yakapungua. Vitu vikaonekana. Hakuna tena meza iliyotoka. Mkurugenzi akaandikia wizara, kule juu, kwamba kelele zimeanza kuzaa matunda, na juu wakafurahi mno, wakasema Mheshimiwa atakuja mwenyewe kuzisikiliza, ikibidi zienezwe nchi nzima.

Aliyeharibu ni Shemeji. Bati lilikuwa limemuumiza kichwa. Akaamua kwenda kwenye bidhaa yake ya zamani ajilaze kidogo. Akafungua stoo, akamkuta Mama Giza mbele ya nyonga ya mtu.

Walitazamana.

"Nimekuja kukagua," alisema Shemeji, akiwa ameshika mto.

Mama Giza akaitwa ofisini. Mkurugenzi hakumfokea, alihuzunika. Alisema ameumia kujua kwamba mtumishi aliyemwamini amekuwa akitumia kimya kwa siri, tena saa za kazi. Mama Giza akamweleza habari za mwashi, akamweleza na habari za mama yake, ungo, redio na mawe.

"Mchele haujafanyiwa utafiti," alisema Mkurugenzi.

"Mwashi ndiye amefanyiwa, mkuu. Na mimi."

"Mtu mmoja si takwimu."

"Kwa mkewe ni takwimu yote."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Akamweleza utaratibu: kama anataka kimya, aombe kibali cha kimya, ombi litapita kwa Afisa Kelele Mkuu kwa maoni, kisha kamati, kisha yeye atalikataa. Mheshimiwa akija, Mama Giza awe nyuma ya pazia, kazini, ndani ya kelele, akitabasamu. Akionekana hata kisigino kwenye magodoro, picha atazisahau. Atahamishiwa kusimamia maegesho ya magari, ambako kuna nafasi.

Mama Giza akatazama ratiba ukutani. Siku ya Mheshimiwa ndiyo siku ya picha ya pili ya mwashi.

Siku ikafika. Korido ilipakwa rangi mpaka pale ambapo Mheshimiwa angefika, ikaachiwa hapo. Kitengo kizima kilivaa sare. Mkurugenzi alijinunulia filimbi ya shaba, ndogo kama ncha ya kidole cha mwisho, ya kuamrishia. Mheshimiwa akasimama mlangoni na watu wake. Mama Giza alikuwa mbele ya kisanduku, na picha ya mwashi mkononi hajaibandika. Alikuwa ameamua hataibandika humo, liwalo na liwe, na maegesho ni mahali pa watu pia.

Mkurugenzi akatia filimbi mdomoni, akavuta pumzi ndefu ya kuipuliza. Shemeji, aliyekuwa nyuma yake na hamu ya kuonekana, hakungoja. Akalipiga bati.

Mkurugenzi akaruka. Pumzi ikaingia yote, na filimbi ikaifuata.

Akajipapasa mdomo, filimbi haipo. Kisha Mkurugenzi akatoa pumzi, na ndani ya kifua chake ikasikika: fiii. Akavuta. Fiii. Watu wakatazama huku na huku, wakidhani ni ndege. Mheshimiwa aliguswa sana. Akamwambia msaidizi wake aandike kwamba hapa kiongozi amejitolea mpaka pumzi yake. Akaongeza kwamba hajapata kuona kelele ya kudumu namna hiyo, isiyotumia mafuta. Kisha akapelekwa kunywa chai.

Mkurugenzi alipigwa picha mbio mbio. Ikaletwa ingali na joto nyuma ya pazia jeusi, na yeye mwenyewe akaingia nayo, uso umemlegea, kila pumzi inamtangaza.

"Daktari," alisema, fiii, "soma. Taratibu. Usikose kitu."

Redio alikuwa ameanza harusi mpya. Mlango ukabamizwa, kiti kikaburutwa, bati likapigwa.

"Nyamazeni," alisema Mkurugenzi.

"Enhee," alisema Betri.

"Shemeji, waambie wanyamaze."

Shemeji akashusha nondo kwa heshima. Alisema anaelewa maumivu ya mkuu wake, ila mikono yake imefungwa. Kimya kinahitaji kibali. Kibali kinapita kwake kwa maoni, na maoni yake, kwa kufuata mwongozo wa mkuu mwenyewe, ni hapana. Kisha kamati, na wajumbe wa kamati wako kwenye chai na Mheshimiwa.

"Mimi ndiye niliyeandika huo mwongozo," alisema Mkurugenzi.

"Na umeandikwa vizuri sana, shemeji," alisema Shemeji, akapiga bati.

Mkurugenzi akamtazama Mama Giza. Mama Giza akachukua picha zote. Akabeba kisanduku chake kidogo, akamkonyeza Cherehani, akatoka. Mkurugenzi akafuata, fiii, fiii, korido nzima, mpaka mlango wa stoo, akainama, akapita kati ya magodoro kama panya anayejua nyumba.

Mlango ukafungwa. Kimya kikawafunika wote watatu kama shuka safi. Hata mashine ya Cherehani humo ililia kwa mbali, kama mvua ya mtaa wa pili.

Mama Giza akabandika picha. Mkurugenzi akasogea, akaona haina filimbi.

"Hii si yangu."

"Ni ya mwashi. Alitangulia kwenye foleni."

"Daktari, mimi nina filimbi kifuani."

"Tunaisikia, mkuu. Haitapotea."

Akatazama. Kidevu mkononi. Alitazama kwa muda ambao Mkurugenzi aliuhesabu kwa filimbi, akachoka kuhesabu. Chini ya mtulinga wa kulia, palepale. Mama Giza akaiweka picha ya kwanza pembeni ya ya pili, akarudi, akatazama tena, na bega lake, lililokuwa limepanda tangu asubuhi, likashuka. Haragwe limekuwa punje ya mchele.

"Kimepungua," alisema. "Dawa iendelee ileile."

Cherehani akaandika. Zamu ya Mkurugenzi ikaja.

"Moyo wa kawaida," alisema Mama Giza. "Mbavu ziko sawa. Filimbi moja ya shaba, imekaa njia ya hewa ya kulia, mdomo ukielekea juu. Haijajeruhi kitu. Itolewe na daktari wa koo."

Mkurugenzi akajitupa juu ya godoro kwa nafuu. Akalala chali. Kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo hakuna aliyempigia simu, aliyemgongea, wala aliyemwita shemeji wa mtu.

"Kumbe ndivyo kulivyo humu," alisema. "Mtu unasikia hata mawazo yako."

"Yanasemaje?" aliuliza Mama Giza, akizima kisanduku.

"Yanasema wapiga kelele waondoke leo hii, wote, na Shemeji awe wa kwanza. Kwenye picha kuwe kimya, hata inzi asipite. Mpumbavu gani aliweka makelele mahali pa kusomea watu? Atafutwe." Fiii. "Na mimi mniache nilale hapa. Nisiondoke."

Mama Giza akafungua kinywa, akamtazama Cherehani, ambaye vidole vilikuwa vinakwenda. Akakifunga. Kumkatiza mgonjwa si adabu.

Karatasi ikafika wodini. Neno-kwa-Neno akaisoma mara mbili, kwa mapenzi, akavaa koti.

Alianza na Shemeji, kwa kuwa imeandikwa awe wa kwanza. Shemeji akauliza kwa amri ya nani. Akaonyeshwa moyo wa kawaida, mbavu ziko sawa, na jina lake. Hakuhoji sayansi. Aliondoka na bati lake kwapani, na nyuma yake mtu wa mlango, ambaye kwa mazoea aliufunga kwa kishindo, kikawa cha mwisho kusikika. Redio na Betri walirudi kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, wakapokewa kwa shangwe, maana watu walikuwa wanataka kujua bwana harusi alikimbilia wapi.

Halafu ikabaki habari ya mpumbavu. Neno-kwa-Neno alimtafuta kwa utaratibu: chini ya vitanda, maabara, jikoni, kisha akaingia ukumbini alikokuwa Mheshimiwa, kikombe mkononi, akauliza kwa sauti kama yumo. Mheshimiwa akaomba aione karatasi. Akaisoma. Akauliza nani hasa aliyeanzisha kelele hizi. Ukumbi mzima ukatazama ukutani, ambako tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye fremu, na sahihi chini, kubwa, yenye mkia. Mheshimiwa akakiweka kikombe taratibu, akatangaza kwamba yeye binafsi siku zote alikuwa mtu wa kimya, na msaidizi wake akafuta ukurasa mzima.

Kuhusu Mkurugenzi, karatasi iliagiza mambo mawili, na yote yakatekelezwa. Kwenye picha hata inzi asipite. Basi mtu anayelia filimbi kila akipumua hawezi kukubaliwa karibu na korido ile, na ofisi yake ilikuwa koridoni. Na imeandikwa aachwe pale alale, asiondoke. Alipojaribu kutoka, mlinzi alimsomea maneno yake mwenyewe, akamrudisha kwa heshima zote. Daktari wa koo, pekee mwenye chombo cha kuitolea filimbi, aliulizwa aliko. Yuko kwenye semina, ilijibiwa, na chai ya kule bado haijafika.

Hivyo Mkurugenzi anaendesha hospitali kutoka magodoroni. Inasemekana anatoa amri nyingi, nyingine nzuri, na anazitoa kwa nguvu zote. Magodoro ni manene. Mwashi, aliyekuja kuziba ufa wa mlango wa stoo, aliweka sikio pale kwa muda mrefu, chokaa mkononi, kisha akasema hasikii kitu.

"Ziba," alisema Mama Giza, akaenda zake kuzima taa.